Unga Nilioupunguza Mlangoni mwa Mgodi

Nyinyi mnaotembea na kamera shingoni, mkibonyeza kitufe taa inawaka na kuzimika kabla mtu hajapepesa, sina wivu nanyi. Nawaandikia kwa sababu mmoja wenu aliniuliza juzi, "Babu, kabla ya taa hizi mlipigaje picha ndani ya nyumba?" Nilimjibu kwamba tulitumia unga. Akacheka, akadhani nasema unga wa ugali. Nilitaka kumweleza zaidi, mdomo ukakataa. Miaka mingi imepita na bado nikiutaja unga ule mwili unashtuka. Kwenye karatasi naona nitaweza, maana karatasi haioni mikono yangu.

Unga wetu ulikuwa wa kijivu, laini kama majivu ya kuni kavu. Ulikuja katika chupa mbili, na kila chupa peke yake ilikuwa pole. Hatari ilikuwa kuzikutanisha. Tulizikutanisha juu ya gazeti, saa ileile ya kupiga picha, kwa unyoya wa kanga, tukigeuza polepole kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Husagi, husugui, huweki akiba. Kisha unga unamiminwa kwenye kisinia cha bati chenye mpini, unainuliwa juu ya kichwa, unawashwa. Hapo ni kishindo, mwanga mweupe kama radi, na moshi unaojaa chumba kizima.

Fundi wangu hakuwa na nyusi. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ni ugonjwa. Jina lake Feruzi, mtu wa mjini Shinyanga, baba yake mfanyabiashara wa Tabora na mama yake mtu wa Pangani, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata akikutukana. Siku aliyonipokea kazini aliniuliza, "Wewe Doto, unaziona nyusi zangu?"

"Sizioni, fundi."

"Basi hilo ndilo somo la kwanza. La pili nitakupa ukibaki na zako."

Nilibaki nazo, ila nusu. Katika harusi moja pale mjini nilimimina unga mwingi kupita kiasi. Mwanga ulitoka vizuri, lakini masizi yalipanda mpaka darini, yakakaa kidogo, kisha yakashuka taratibu juu ya sinia la pilau. Bibi mmoja, somo aliyemfunda bibi harusi, akanitazama akasema, "Mwanangu, umetupiga picha au umetupikia?" Fundi Feruzi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliosha masinia.

Somo gumu zaidi halikuwa unga. Lilikuwa ni kujua kioo kipate mwanga kiasi gani. Siku hizo tulitumia vioo vilivyopakwa dawa, si filamu. Katika kila sanduku la vioo mlikuwa na karatasi yenye maelezo: jua kali, hesabu kadhaa; mawingu, hesabu kadhaa. Karatasi ile iliandikwa Ulaya, kwa jua la kwao na nyuso za kwao. Ukiifuata hapa Shinyanga, kanzu inatoka safi, na mwenye kanzu haonekani. Fundi aliichana kila sanduku lilipofika. Alinifundisha kunyoosha kiganja juani, kusimamisha kidole gumba cha mkono wa pili juu yake, na kukitazama kivuli. Kivuli kikiwa na kingo kali kama kisu, bana tundu la lenzi. Kikiwa na kingo laini, panua. Kisipoonekana, mwambie mteja arudi kesho.

Saa hatukuwa nayo. Tulihesabu kwa maneno. Fundi Feruzi alivua kofia ya lenzi, akatamka chini kwa chini "Bismillahi Rahmani Rahimi" kwa mwendo wa kawaida, akafunika. Nami nikafanya vivyo hivyo kwa sala yangu, maana nilikuwa nimesoma miaka mitatu misheni. Mwezi mzima picha zangu zilitoka na nyuso zilizopauka. Tulibadili dawa, tulibadili maji, tukalaumu vioo. Siku moja fundi akasimama nyuma yangu akanitegea sikio.

"Unasema nini hapo?"

"Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka ufalme wako uje."

Akashika kichwa. "Doto! Sala yenu ni ndefu! Ishia kwenye mbinguni."

Nikaishia kwenye mbinguni, na picha zikawa sawa. Mfugaji mmoja ndiye aliyetushinda, yeye alitaka apigwe pamoja na dume lake jeupe, na lile dume halikujali sala ya mtu yeyote. Lilitoka na vichwa viwili. Mwenyewe alifurahi sana, akaitundika picha ukutani.

Nimewachekesha makusudi, maana ninachofuatia kusema hakina kicheko.

Jina langu limekwisha kuwaambia kwamba mimi ni pacha. Kwetu wa kwanza kutoka huitwa Kulwa, wa pili Doto. Kaka yangu Kulwa alinitangulia kwa muda ambao mama alisema haukutosha kuchemsha maji. Tulifanana, ila yeye alikuwa na kifua kipana, na alikuwa na maneno mengi. Kijiji chetu kiko mbele ya Kolandoto, si mbali na mji wa Shinyanga. Mimi nilipoingia mjini kujifunza picha, yeye alikwenda Geita kuchimba dhahabu kwenye mgodi wa Wazungu.

Ilikuwa miaka ya thelathini, migodi ikiwa ndiyo inafunguliwa. Meneja wa mgodi aliokuwamo Kulwa alituma barua kumwita Fundi Feruzi. Alitaka picha moja ya kupeleka kwa wakubwa wake Ulaya: yeye na wachimbaji wake, mlangoni mwa handaki, kwa ndani, ili mwamba uonekane. Tulikwenda kwa treni mpaka Mwanza, tukavuka maji kwa boti, tukamaliza safari juu ya lori. Fundi alizipakata chupa zake mbili njia nzima, moja kila paja, akimgombeza dereva kila penye shimo.

Meneja alivaa nguo nyeupe tupu na kofia ngumu nyeupe. Alijiweka mbele, karibu kabisa na kamera. Wachimbaji kumi na mmoja wakapangwa nyuma yake, migongo yao kwenye mwamba. Kulwa alikuwa wa tatu kutoka kushoto, mkono begani kwa mwenzake.

"Angalieni," akawaambia wenzake, "huyu mwenye kisinia ni mdogo wangu. Nimemtangulia duniani, na nimemtangulia kwa sura."

"Simama vizuri," nikamwambia.

"Nimesimama. Wewe ndiye unatetemeka. Ukinitoa vibaya nitamwambia mayu." Mayu ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Fundi alisimama kwenye kamera, ameweka tundu la lenzi kwa kiasi cha unga tuliokubaliana. Yeye angevua kofia ya lenzi, mimi ningewasha, yeye angefunika. Nikamimina unga uliokubaliwa, wa kutosha kufika kwenye mwamba. Nikainua. Nikawasha.

Sijawahi kuona watu wakitoweka namna ile. Wachimbaji wote kumi na mmoja walipiga kelele kwa pamoja wakatimka nje, wengine wakimpitia meneja ubavuni, mmoja akaruka miguu mitatu ya kamera kama swala. Katika kazi yao mwanga na kishindo ndani ya handaki vina maana moja tu: baruti imelipuka kabla ya wakati wake. Miguu yao ilikuwa imefundishwa kukimbia bila kuuliza. Meneja alibaki peke yake, ameng'ang'ania kofia.

Nilimkuta Kulwa nje amechuchumaa, mikono juu ya kichwa. Nilimshika bega, lilikuwa linatetemeka kama la ndama aliyezaliwa sasa hivi.

"Doto," akasema hatimaye, "wiki iliyopita tulimtoa mtu mmoja vipande. Usinifanyie hivyo tena."

"Lazima tupige nyingine."

"Basi punguza. Punguza kishindo."

Tuliwarudisha kwa kuwabembeleza. Nikachanganya unga mpya. Nilipomimina kwenye kisinia niliona bega lile machoni pangu, nikapunguza. Nilirudisha zaidi ya nusu kwenye gazeti. Mwanga ulipungua, kishindo kikapungua. Safari hii hakuna aliyekimbia. Kulwa alitabasamu, nilimwona kwa macho yangu katika ule mwanga, meno yote nje.

Fundi Feruzi sikumwambia.

Someni tena mstari huo, maana kazi yote imo humo. Unga na tundu la lenzi ni kitu kimoja katika mikono ya watu wawili. Ukipunguza unga, panua tundu. Ukiongeza unga, bana. Aliyeshika unga asipomwambia aliyeshika lenzi, hakuna sala itakayookoa kile kioo. Na mwanga wa unga hauendi mbali kama jua. Aliye karibu anaoga, na aliye hatua sita nyuma analamba tone. Ningesema tu, "Fundi, nimepunguza." Maneno mawili. Angezungusha pete ya lenzi, yakaisha. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa amekwisha kunigombeza kwa ajili ya wale waliokimbia, nami nikaona meneja atatoka vizuri tu, kwa kuwa yuko karibu na amevaa nyeupe.

Na kweli alitoka vizuri.

Tulikisafisha kioo tuliporudi Shinyanga. Mnapaswa kujua kwamba kwenye kioo mambo huwa kinyume: palipopata mwanga panakuwa peusi, palipokosa panabaki kioo kitupu. Nilikitoa kwenye dawa nikakiinua mbele ya taa nyekundu. Meneja alikuwepo, mweusi mzito, kila kifungo mahali pake, hata mkunjo wa suruali. Nikatafuta wengine. Nikahesabu kutoka kushoto, mmoja, wawili, watatu. Nikapitisha mkono nyuma ya kioo, na mahali uso wa kaka yangu ulipotakiwa kuwa, niliona kidole changu mwenyewe.

Fundi alisogea, akatazama.

"Ulimimina kiasi gani?"

Nikamwambia ukweli.

"Kwa nini hukusema?"

Hakunitukana, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema tu kwamba meneja ataridhika, maana amejiona. Meneja aliridhika kweli, alituandikia kutusifu. Nami nikajiambia, Kulwa akija kuvuna karanga nitamkalisha dirishani nimpige vizuri, peke yake.

Hakuja kuvuna. Mwamba uliporomoka akiwa ndani na wenzake wanne. Habari ilinifikia mjini kwa mdomo wa mtu wa kijijini kwetu aliyekuwa akifanya kazi hukohuko. Aliniambia nimesimama barabarani, nimeshika kikapu cha mkaa. Nakumbuka nilimuuliza, "Kulwa yupi?" kana kwamba wako wengi. Walishindwa kuwafikia. Meneja akaamuru handaki lizibwe, watu wakabaki humo. Kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mwili wa kuosha, wala kaburi la kufukia. Mama alikuwa na kitu kimoja tu cha kungojea. Kulwa alikuwa amemtumia salamu: "Mwambieni mayu, Doto amenipiga picha, ataniona."

Yule mtu akanipa agizo la mama. Njoo na picha ya mwenzio.

Nilijifungia katika chumba cha giza. Nilijaribu kuichapa picha ya kile kioo kwenye karatasi mara nane, kwa mwanga mfupi, kwa mrefu, kwa kukinga upande wa meneja kwa kipande cha karatasi. Hata nyinyi mtajaribu siku moja, basi niwaokolee karatasi zenu: ambacho kioo hakikupokea hakitoi. Palipokuwa kioo kitupu karatasi ilitoa weusi tu, uliokoza au uliofifia.

Fundi Feruzi akafungua mlango. Alikuwa mtu mwema, nataka mjue hivyo, na alilosema alilisema kwa huruma. "Nyinyi ni pacha. Vaa shati la kazi. Keti dirishani."

"Fundi, huko ni kumdanganya mama yangu."

"Ni kumpa mama yako kitu cha kushika. Anaumia, Doto. Keti."

Niliketi. Alinipangia kitambaa cheupe upande wa kivuli ili kirudishe mwanga shavuni, akanitazama muda mrefu, akatamka bismillahi yake. Ni picha bora kabisa tuliyowahi kutoa katika duka lile. Uso ulikuwa na kila kitu: ngozi, mboni, jasho la mdomo wa juu.

Nilifika nyumbani msiba umejaa. Ndugu walikuwa wameketi kwenye mikeka mpaka nje ya ua. Nikamsalimu mama, "Shikamoo mayu," akaitikia "Marahaba" bila sauti. Nikampa. Aliishika kwa mikono miwili. Aliitazama kutoka paji mpaka kidevu.

"Ndiye?" shangazi akauliza.

"Ndiye," mama akasema.

Kilio kilichofuata sitakieleza. Picha ilipita mkono kwa mkono. Mjomba alisema, "Tazama alivyokonda huko mgodini." Jirani akasema macho yake yalikuwa na huzuni, kama aliyejua. Mimi nilikaa katikati yao, nikililiwa ningali hai, nikiona watu wakiutazama uso wangu na kuulilia. Wakati mwingine mtu aliniangalia mimi, akaangalia picha, akazidi kulia.

Siku watu walipotawanyika, mama alinifuata nyuma ya ghala la mtama. Alinirudishia picha.

"Chukua yako," akasema.

Nilificha mikono nyuma.

"Nilikunyonyesha wewe titi la kushoto, yeye la kulia. Ulidhani nitawachanganya? Nilikubali mbele za watu ili wasikucheke. Sasa wamekwenda. Yake iko wapi?"

"Iliharibika, mayu. Niliiharibu mimi."

"Ilete hivyohivyo."

Nikarudi mjini, nikaichukua ile bora kati ya nane, nikarudi tena. Jirani tuliyepishana naye ukumbini alimwita mama "Mama Doto", kwa kumhurumia, ili asilitaje jina la marehemu. Mama hakuitika. Jirani akarudia mara ya pili, kisha akaelewa. "Mama Kulwa," akasema, na mama akageuka.

Aliipeleka picha nje juani. Alianza na meneja. Alimpitishia kidole kwenye kofia, kwenye vifungo, akavihesabu vifungo. Kisha akaingia katika ule weusi. Alisogeza kidole polepole, akitafuta.

"Hapa pana watu?"

"Wapo kumi na mmoja. Kulwa ni wa tatu kutoka huku. Anacheka."

"Na huyu aliye pembeni yake?"

"Simjui jina."

"Ana mama?"

"Sijui, mayu."

"Na huyu? Na huyu?"

Nilibaki kusema sijui. Nilikuwa nimejitayarisha kumweleza habari ya unga, ya tundu, ya hatua sita, ya kishindo, na kwamba nilipunguza kwa ajili ya kumhurumia Kulwa. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaikubali ile huruma. Kisha akauliza jambo moja.

"Huyu Mzungu ulimpimia mwanga?"

"Nilimpimia."

"Na hawa?"

Niliutazama ule weusi.

"Basi hukuwaangalia," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeulizwa kuna nini ndani ya chungu akafunua, akaona. Aliikunja ile picha nyeusi ndani ya kanga yake, akaingia nayo ndani. Yangu nilirudi nayo Shinyanga, nikamwambia fundi kwamba sitamkalisha tena mtu mahali pa mwingine, na kwamba kuanzia siku hiyo nikimimina unga nitasema kwa sauti. Aliitikia kwa kichwa tu.

Kesho yake aliingia mteja wa kwanza, mchuuzi wa chumvi kutoka upande wa Nyahanga, amevaa kanzu mpya inayong'aa. Sikushika kamera. Nilimsogeza dirishani, nikasimama mbele yake, nikamtazama paji, matundu ya macho, kivuli chini ya mdomo, nikamtazama mpaka akaanza kuona haya.

"Samahani bwana," akasema, "tunafahamiana?"

"Bado," nikamwambia. "Jina lako nani?"